Miaka Minane ya Mzee Mukhisa

Mukhisa alipohamia Kabuchai mwaka wa tisini na tano, alikuja na mke mmoja, ng'ombe wawili na miaka minane isiyo yake. Ng'ombe mmoja alikufa kabla ya mavuno. Miaka ile ilinenepa.

Ilikuwa hivi. Kwao Bokoli alikuwa kijana tu wa miaka thelathini na minne, na mbaya zaidi, huko watu walikumbuka kwamba Agosti ya mwaka sabini na nne, siku ya kutahiriwa kwake, kisu kilipokaribia alipepesa jicho la kushoto. Mbukusu anaweza kusamehewa mengi, lakini si jicho lililoogopa kisu. Kabuchai hakuna aliyemjua. Wakati huo watu walikuwa wanabadilishiwa vitambulisho, na naibu wa chifu alikuwa anatafuta mzee wa kijiji aliyevuka arobaini. Mukhisa akakohoa, akashika kiuno, akamwambia karani, "Andika nilizaliwa hamsini na tatu. Nilitahiriwa sitini na sita." Karani akaandika. Nani angemhoji mtu mwenye kikohozi kama kile?

Basi aliula uzee huo miaka ishirini na tisa, bana. Matangani kiti cha mbele kilikuwa chake. Firigisi ya kuku, ambayo huko hapewi mtu ovyo ovyo, ilijua yenyewe njia ya kwenda kwenye sahani yake. Jirani yake Sikuku, aliyemzidi miaka mitatu ya kweli, alimwita "Papa", yaani baba, na kumpisha njiani. Siku moja Sikuku alimkatiza maneno barazani, Mukhisa akamtoza jogoo. Sikuku alilipa, na akaomba radhi juu yake. Nyumbani tu ndiko uzee ulikoachwa mlangoni pamoja na kofia, kwa sababu Nekoye, mkewe, alijua ukweli wote.

"Kijana wangu," alikuwa anamwita, "njoo ule."

Hawakujaliwa mtoto. Miaka minne iliyopita Nekoye alienda Kitale, kwenye makao ya watoto, akarudi na barua ya afisa wa watoto na kitoto cha miezi michache kilichookotwa ndani ya beseni sokoni Lwakhakha. Kiliitwa Ian. Mukhisa akafoka ati watu watamcheka, mzee mzima kuanika nepi! Wiki ya pili alikuwa anaanika nepi, na ole wake mtu aliyepita akicheka. Mtoto alipoanza kutembea, alitembea akiwa ameshika suruali ya Mukhisa. Mpaka leo goti la kushoto la suruali zake zote limechakaa kuliko la kulia.

Karatasi za kumwasili, yaani za kumfanya mtoto wao kisheria, waliziahirisha, maana mvua ilikuwa karibu, kisha mahindi, kisha Krismasi. Halafu Nekoye akaugua, na mwezi wa tatu mwaka huu wakamzika. Arobaini haijaisha, afisa wa watoto, Bwana Rotich, akafika na faili.

"Pole sana, mzee. Lakini mtoto alipewa mama, na mama hayuko. Ukimtaka, enda kortini umwasili kabla ya Desemba. La sivyo nitamrudisha Kitale."

Ian alikuwa chini ya meza akilisha paka ugali. Mukhisa alimtazama.

Asubuhi yake alipanda ngazi za wakili Chemutai mjini Bungoma, juu ya duka la dawa za mifugo. Chemutai alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kila neno alilifikiria kama mtu anayenunua viatu.

"Una miaka mingapi, mzee?"

Mukhisa alijinyoosha. Hili swali alilipenda. "Sabini na mmoja!"

Chemutai akaweka kalamu chini. "Sheria inataka anayeasili awe hajafika sitini na mitano. Jaji anaweza kulegeza akiwa na sababu maalum. Lakini mgane wa sabini na mmoja, peke yake, na mtoto wa miaka minne? Tusidanganyane. Hiyo kesi imekufa kabla sijafungua faili."

 Kule chini mtu alikuwa anabishana juu ya dawa ya kupe. Mukhisa akajikuna kichwa, akatazama mlango kama umefungwa vizuri, akainama.

"Na kama hiyo miaka si yangu yote?"

"Ni ya nani?"

Akamwambia. Chemutai hakucheka, na hilo lilimuuma zaidi. Akaandika kwenye karatasi: cheti cha daktari cha kukadiria umri, barua ya chifu, na viapo vya bakoki wake, yaani wale waliotahiriwa pamoja naye.

"Bakoki wa Bokoli?" Mukhisa akauliza. "Hao watu wana mdomo, madam."

"Ndio maana tunawataka."

Daktari alimkagua meno na mifupa, akaandika kwamba mzee huyu yuko kati ya miaka hamsini na nane na sabini. Ungedhani ni utabiri wa mvua. Chifu naye akagoma katakata. "Miaka ishirini na tisa umekaa hapa mbele ukitoza watu majogoo," alisema, "halafu nikuandikie barua chini ya meza? Barua nitakupa. Lakini kwanza utasema mbele ya watu."

Usiku huo Mukhisa hakupata usingizi. Wee, acha mchezo! Kuna watu hukiri wizi, hukiri hata mauaji, lakini mwanamume kusimama mbele ya kijiji na kusema, "Mimi ni mdogo wenu"? Alifikiria kumwachia Rotich mtoto. Ndiyo, alifikiria, tusimsafishe. Makao ya Kitale yana vitanda, alijiambia, yana walimu, yana maziwa. Kulipokucha Ian akaja na kiatu kimoja mkononi na kingine mguuni, akashika lile goti, akasema anataka chai. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mukhisa akavaa kofia.

Barazani alisimama, akakohoa kile kikohozi chake cha kale, kisha akaona haya akakiacha katikati.

"Watu wangu," alisema. "Mimi nina miaka sitini na mitatu."

Watu wakangoja amalize fumbo. Hakukuwa na fumbo. Akasema yote: Bokoli, karani, sabini na nne. Mama mmoja akapiga kofi mapajani akasema, "Lo! Na vile nilikuwa namsaidia kuvuka mtaro!" Vicheko vikaanzia kwa kina mama na kufika hadi nyuma. Sikuku tu hakucheka. Aliinuka polepole, akaenda mpaka mbele, akasimama kando ya kile kiti.

"Kijana," alisema, "hebu nipishe."

Mukhisa akampisha.

"Na jogoo wangu?"

"Nitarudisha."

"Na uniite Papa."

Mukhisa akavua kofia. "Ndiyo, Papa," akasema.

Siku ya kesi, Oktoba, bakoki wawili wa Bokoli walifika Bungoma wamevaa makoti ya harusi. Jaji, mama mwenye miwani mikubwa, aliwasikiliza chemba, mlango umefungwa, kama kesi za watoto zinavyosikilizwa. Akaomba vitambulisho, akavitazama muda mrefu.

"Nyinyi watatu mlitahiriwa siku moja?"

"Asubuhi moja, mheshimiwa," wakajibu.

"Kitambulisho cha mwombaji kinasema alizaliwa hamsini na tatu. Wewe, Makokha, arobaini na tisa. Na wewe, Khaoya, sitini na nane."

Makokha akaeleza kwamba alijizeesha ili aingie kwenye orodha ya wazee wanaopewa pesa na serikali. Khaoya, binamu ya Mukhisa, ambaye ni bawabu, alijipunguzia miaka asistaafishwe.

"Kwa hivyo wewe, Khaoya, ulitahiriwa ukiwa na miaka sita?"

"Nilikuwa shujaa, mheshimiwa."

Chemutai akafunika uso kwa faili. Jaji akavua miwani. "Mahakama imeletewa waongo watatu wathibitishe ukweli mmoja. Bwana Khaoya, kwa nini nikuamini wewe? Unakumbukaje kwamba huyu mtu alikuwa pale?"

Khaoya akamgeukia Mukhisa. Mukhisa alijua linalokuja. Miaka hamsini alikuwa amelikimbia, akahama kijiji kwa sababu yake, akajizeesha, na sasa limemkuta kwenye chemba ya jaji. Angeweza kumkonyeza binamu yake anyamaze. Alifumba macho, akaitikia kwa kichwa: sema.

"Nilisimama kando yake uwanjani kwa baba yangu," Khaoya akasema. "Alipepesa jicho. La kushoto. Huwezi kusahau kitu kama hicho, mheshimiwa. Tulimwimba kwa dharau mpaka akahama."

"Ni kweli?" jaji akamuuliza Mukhisa.

"Ni kweli. Andika tu."

Karani wa korti akaandika. Jaji akasema kwamba mtu anaweza kudanganya ili aonekane mkubwa, lakini yeye jaji hajaona bado Mbukusu anayebuni jicho lililopepesa. Amri ya kuasili ikatolewa kabla ya saa sita. Ian alikuwa amelala kwenye benchi nje, na Mukhisa akambeba mpaka chini bila kumwamsha, akilia waziwazi mbele ya mawakili.

Jumapili walichinja kuku. Firigisi ilienda kwa Sikuku, na Sikuku aliitafuna taratibu, huku akimwangalia. Mukhisa alipewa shingo.

Wiki tatu baadaye alienda kuchukua cheti cha kuzaliwa cha Ian. Karani wa usajili, kijana mkarimu, aliangalia makadirio ya daktari ya umri wa mtoto, akateremsha sauti.

"Mzee, hii tarehe ni ya kukisia tu. Tukiongeza mwaka mmoja hapa, ataanza shule mapema, amalize mapema. Watu wote hufanya hivyo."

Kinywa cha Mukhisa kilifunguka chenyewe. Mazoea, jamani. Kisha akapiga hesabu kwa vidole chini ya meza: mtoto akifika kumi na minane, yeye atakuwa na miaka sabini na saba. Ingekuwa ile ya kitambulisho, angekuwa themanini na mitano, na pengine kaburini kando ya Nekoye.

"Andika ya daktari," akasema. "Usimwongezee hata siku moja."