Popi hakuibwa

Jamani, leo nimemwita jirani yangu mwizi, tena mbele ya watu.

Popi ni mbwa wa marehemu mume wangu. Wiki hii amekata kamba mara tatu. Leo nimemtafuta Ibighi nzima, nikamkuta kwa Mama Tumpe, kalala mlangoni kama kwao.

Nikapayuka, "Mwizi wewe! Unaniibia hata mbwa wa marehemu?"

Mama Tumpe akanionyesha bakuli lenye makombo ya ndizi.

"Mama Atu, huyu anakuja na njaa. Kwako anakula nini?"

Nikayatazama yale makombo, nikakumbuka.

Mume wangu kila siku alibakiza ndizi kwenye sahani, nami nilinuna, nikidhani hapendi mapishi yangu. Kumbe ilikuwa sehemu ya Popi. Tangu tumzike napika kidogo, namaliza, naosha. Mbwa namwongezea kamba tu.

Jioni hii nimebakiza. Popi amekula, amelala, hana kamba.

Mama Tumpe nimemwomba radhi palepale, ila waliosikia "mwizi" walishaondoka. Kama ulikuwepo, naomba usome hapa: mwenye kosa ni mimi.