Siku Tuliyomwamkia Mwana Hidaya

Nilipokuwa mdogo, pale kwetu Kigombe, sikupigwa picha hata moja. Bibi alikataa katakata. Picha, alisema, huondoka na nyota ya mtu: mama yake, Mwana Hidaya, alipigwa sinema na watu wa afya, na mwaka haukwisha akafa. Mimi nilidhani ni hadithi ya kututisha tu.

Kisha akaja bwana afya na dawa za matende. Kabla ya kuzigawa akatuonyesha sinema ya zamani darasani, wakubwa kwa wadogo, madirisha tumeyaziba kwa mikeka. Mbu wakapita ukutani, yakapita madimbwi, vikapita vifuu vya nazi vilivyotuamisha maji. Halafu ukatokea mguu wa mwanamke, umevimba toka gotini hadi kisiginoni.

"Mwanamke huyu alipuuza madimbwi ya uani kwake," sauti ya sinema ikasema.

"Lo! Mguu huo au gogo la mnazi?" kijana mmoja akaropoka. Darasa likaangua kicheko.

Picha ikapanda, ukaonekana uso. Bibi, aliyekaa mbele yangu, akasimama.

"Cheka, mwanangu, cheka sana. Gogo hilo ndilo lililonizaa mimi."



"Bibi, tafadhali kaa, tuendelee," bwana afya akasema.

"Uendelee wapi? Mama yangu yupo hapo mbele yenu, na hakuna hata mmoja aliyemwamkia. Irudishe!"

Bwana afya akairudisha, akaisimamisha pale kwenye uso. Akaanza yeye mwenyewe, kwa haya: "Shikamoo, bibi."

"Ana jina. Mwana Hidaya."

"Shikamoo, Mwana Hidaya!" tukaamkia darasa zima, na yule kijana sauti yake juu kuliko zetu.

"Marahaba," Bibi akaitika kwa niaba ya mama yake. Kisha akaenda kwenye foleni ya dawa, akameza wa kwanza.

Siku hizi, kwenye midahalo ya chuo, nasikia ati imani za bibi zetu ndizo adui wa afya. Huwa nawaka! Sinema ile ilisema kweli kuhusu mbu, sibishi. Lakini ilichukua uso wa mtu, ikamtangaza mzembe mji kwa mji, isimtaje hata jina. Kama huko si kuchukua nyota, niambieni ni nini. Bibi yangu aliifuata nyota hiyo mchana kweupe, mbele za watu, akarudi nayo nyumbani. Mimi ni kitukuu wa Mwana Hidaya, na nalisema hilo bila kuulizwa.