Maneno ya Nyanya Katika Kitabu cha Madam

Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi Saudia na kwamba nilikatazwa kusali, hutikisa kichwa kabla sijamaliza, kwa sababu wanadhani wanamjua aliyenikataza. Hawamjui. Nchi ilikuwa na sheria zake, ndiyo, lakini aliyenikataza kwa mdomo wake alikuwa Mzungu, mama mpole mwenye nywele fupi, na alinikataza akiwa amenishika bega.

Hapo ilikuwa Riyadh, miaka ile ambayo kila kijiji kwetu kilikuwa na ajenti na kila ajenti alikuwa na nafasi za Saudia. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa ya Waarabu. Mkataba ulipoisha, kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini, alikubali ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, ihamishiwe kwa mhandisi mmoja wa kutoka Ulaya, aliyekaa na mkewe na binti yao mdogo kwenye mtaa wa wageni wenye ukuta mrefu na askari langoni. Ndani ya ukuta ule wanawake walitembea bila abaya na watoto waliendesha baiskeli. Wasichana wenzangu waliniambia nimeomba nikajibiwa.

Siku ya kwanza madam alinikaribisha mezani, akanimiminia chai yeye mwenyewe, kisha akanishika bega, akasema, "Nyumba hii haina dini. Sisi hatuna, na hatutaki mtoto wetu apewe na mtu mwingine. Akikua atachagua mwenyewe. Wewe amini unachotaka, chumbani kwako. Lakini mbele ya mtoto hakuna maombi, hakuna nyimbo za kanisani, hakuna hadithi za Yesu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, madam."

Na kweli tulielewana. Mtoto alikuwa wao. Mimi nisingependa mtu aje nyumbani kwangu awafundishe wanangu mambo nisiyoyataka, kwa hiyo nililiheshimu lile agizo. Nilimwimbia binti yule nyimbo za kuku na mvua. Mezani niliacha hata kufumba macho. Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, tulikutana Wakenya wachache kwa muuguzi mmoja, madirisha yamefungwa, televisheni imefunguliwa sauti, tukiimba midomo ikiwa imefumbwa. Umewahi kuimba wimbo wa sifa kwa pua? Ndivyo tulivyomsifu Mungu pale. Kisha narudi, napita langoni, na ndani nako nanyamaza tena.

Wakati mmoja bosi na madam walisafiri kwenda Jeddah kuangalia nyumba, maana kazi ya bosi ilikuwa inahamia huko. Waliniachia mtoto. Mchana huo akashikwa na homa. Nilimpa dawa waliyokuwa wameacha, nikampangusa kwa kitambaa cha maji, nikawapigia simu, nikakaa kando ya kitanda chake. Nadhani midomo yangu ilikuwa inacheza, kwa sababu aliniuliza, "Unaongea na nani?"

Sikutaka kumdanganya mtoto mgonjwa. Nikasema, "Na Mungu."

"Unamwambia nini?"

"Namwambia habari ya homa yako."

Akaridhika, akalala. Jioni homa ilishuka. Madam aliporudi nilimweleza mwenyewe, neno kwa neno, kabla mtoto hajamwambia. Nilitegemea anikaripie. Badala yake akavuta kiti pale jikoni akaanza kuuliza maswali.

Tangu hapo ikawa desturi. Mtoto akiwa shuleni, madam anakuja jikoni na kikombe chake cha kahawa, anataka kujua. Kwetu watu wanasali vipi? Mama yangu alibatizwa lini? Mtoto akifa kabla ya kubatizwa, watu wanasema nini? Nilidhani tumekuwa marafiki. Wengi wa matajiri niliowaona huko hawakuwahi kuniuliza hata jina la mji wetu, na huyu alikuwa ananiuliza habari za nyanya yangu.

Basi nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote Saudia. Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa kabla ya wakati wake, nyumbani, katika mvua iliyokata barabara. Pasta alikuwa ng'ambo ya mto. Mtoto alikuwa anapumua kama kifaranga. Nyanya alichukua kikombe cha bati, akamdondoshea maji kwenye utosi, akasema kwa lugha yetu, "Mungu, huyu ni wako. Tungemleta wenyewe, lakini hatukuwahi." Mtoto alikufa kabla mama hajapata nguvu ya kumshika. Nyumbani maneno yale hatuyasemi ovyo. Mama huyasema peke yake, na nikimsikia huwa natoka nje.

Madam alilia. Machozi yalikuwa ya kweli, sisemi uongo. Aliniomba nimwambie maneno yale kwa Kiswahili, nikamtafsiria, akayarudia mpaka ulimi wake ukayazoea.

Tukahamia Jeddah, kwenye nyumba kubwa mtaa wa Al-Rawdah. Huko madam alipata marafiki wa mataifa mbalimbali ya Ulaya, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na lugha yake, walizungumza Kiingereza. Walikuwa wanakutana alasiri kwenye sebule yetu kusoma vitabu na kubishana. Mimi nilipeleka chai na biskuti. Nilijua madam anaandika, ila sikujua anaandika nini.

Alasiri moja aliwasomea kazi yake. Nilikuwa naingia na kutoka, kwa hiyo niliipata vipande vipande, lakini ilieleweka. Ilikuwa hadithi ya nchi moja ya Ulaya ambayo dini imebaki kwenye majumba ya makumbusho. Serikali yake imepiga marufuku mtoto kuingizwa katika dini yoyote kabla hajawa mtu mzima. Mume na mke wasomi wanamwajiri yaya Mwafrika. Yaya ni mnene, anatokwa jasho, ananuka vitunguu, Kiingereza chake kimevunjika, na anaimba siku nzima. Wazazi wakiwa safarini, yaya anambatiza mtoto kwa siri bafuni. Anafikishwa mahakamani, na nchi nzima inagawanyika.

Nilikuwa nimeshika birika aliposoma sehemu ya bafuni. Yaya anachota maji kwa kikombe. Anamdondoshea mtoto kwenye utosi. Halafu madam, kwa Kiswahili chake kile nilichomfundisha, akasema taratibu, kama mtu aliye kanisani, "Mungu, huyu ni wako. Tungemleta wenyewe, lakini hatukuwahi."

Mmoja wa wale wanawake akasema kitabu hiki kitawasha moto. Mwingine akasema ni ujasiri, kwa sababu kwao siku hizi watu wanaogopa kuandika juu ya dini. Kisha mama mmoja mzee akanigeukia. "Wewe je? Wewe unaamini. Unaonaje?"

Nikasema, "Hayo maneno ni ya nyanya yangu."

Madam akasema, "Asante, unaweza kutuacha," na nikaenda.

Walipoondoka alinifuata jikoni. Nilikuwa naosha vyombo na sikugeuka.

"Umeudhika," akasema.

"Ndiyo, madam."

"Yule si wewe. Ni hadithi tu. Mwandishi huchukua kitu hapa, kitu pale."

"Alimbatiza mtoto wa watu kwa siri. Mimi nilifanya hivyo?"

"Hapana. Ndiyo maana nasema si wewe."

"Kila mtu pale sebuleni aliniangalia mimi."

Akavuta kiti, kiti kile kile alichokuwa anakivuta kila akija kuniuliza habari zangu. Akanieleza kwamba yaya yule ndiye mtu pekee katika kitabu kizima mwenye imani ya kweli. Wasomaji watampenda. Wazazi wa mtoto ndio watakaoonekana watupu. Kitabu hakimhukumu, kinauliza swali: je, kuna nafasi ya Mungu katika nchi ambayo haimhitaji tena?

Nikazima bomba la maji. "Madam, uliniambia nifunge mdomo katika nyumba yako, nikaufunga. Tangu Riyadh mpaka leo. Homa ya mtoto wako niliiombea kimya, na bado nikakwambia. Sasa katika kitabu umeufungua huo mdomo wangu ukaweka wizi ndani yake. Na maneno uliyompa huyo mwizi aseme, ni maneno ya mtoto wetu aliyekufa."

"Nitayafikiria," akasema. "Nakuahidi nitayafikiria."

Nilimwamini nusu. Kilichonikera zaidi ni kwamba hakuona tofauti. Angefikiri nimeudhika kwa ajili ya Mungu, angeniita mshamba mwenye dini nyingi na yakaisha. Mungu anajitetea mwenyewe. Mimi nilikuwa nautetea uaminifu wangu, ambao katika nchi za watu ndio mali pekee ambayo mfanyakazi anatembea nayo.

Nyumba ya jirani alifanya kazi dada mmoja wa Mombasa, Mwislamu. Siku zetu za kutoka tulikwenda pamoja mtaa wa Sharafiya, tukatuma kitu nyumbani, tukala wali kwenye hoteli ya bei nafuu. Nilimsimulia yote. Alisikiliza huku akitoa miiba ya samaki.

"Karibu, mwenzangu," akasema.

"Karibu wapi?"

"Kwenye vitabu vyao. Wewe umeandikwa mwizi wa mtoto. Mimi huko nimebeba bomu toka zamani."

Nilicheka bila kutaka. Yeye hakucheka. "Usicheke. Wewe kasirika. Mimi nilizoea mapema mno, na kuzoea ndiko kulikoniharibia."

Kazi ya bosi ilipokwisha, familia ikarudi kwao. Madam aliniaga kwa kunikumbatia. Kuhusu maneno ya nyanya hakusema kitu, na mtoto alilia shingoni mwangu, kwa hiyo sikupata nafasi ya kuuliza. Nikahamishiwa familia ya Kisaudi mtaa ule ule wa Al-Rawdah: baba, madam mpya, binti yao aliyekuwa chuo kikuu, na mjukuu wao mchanga, mtoto wa kijana wao. Walikuwa watu wema. Mtoto yule mchanga nilimwogesha kila siku, na alikuwa akiona beseni anarusha miguu kabla maji hayajamgusa.

Siku moja nikiwa Sharafiya na yule dada wa Mombasa, simu ikalia. Ni madam wa zamani, kutoka Ulaya. Sauti yake ilikuwa ya haraka. Kitabu kimetoka na kimeleta zogo. Watu wa makanisa wanasema ametukana waumini. Wapinzani wao wanasema amefunua hatari, na mwanasiasa mmoja amesimama akataka yaya wa kigeni waulizwe kama wanasali kabla ya kupewa watoto. Wengine wanamwambia yeye, madam, kwamba amewadhalilisha Waafrika.

"Gazeti linataka kuzungumza na wewe," akasema. "Nimewaambia kulikuwa na mtu wa kweli aliyenipa msukumo. Sema sentensi moja tu. Kwamba hukuudhika."

"Lakini niliudhika."

"Ilikuwa zamani."

"Maneno ya nyanya bado yamo?"

"Yamo. Ndiyo sehemu wasomaji wanayoipenda zaidi."

Dada wa Mombasa aliacha kula, akaweka sikio karibu na simu.

"Basi waambie hivi," nikasema. "Uliniuliza, na nikasema imeniuma. Na mwambie yule mwanasiasa kwamba mimi nilikatazwa kusali mbele ya mtoto, nikatii."

"Hilo litazidisha moto."

"Ndiyo, madam. Litazidisha."

Akasema atanipigia tena. Hakupiga.

Baada ya siku kadhaa nilimwomba binti wa nyumba, yule wa chuo, anitafutie gazeti lile kwenye simu yake. Alikuwa msichana mwerevu, na tulikuwa tunataniana sana. Akalipata, akalipitisha kwenye tafsiri, akanisomea tukiwa tunakunja nguo. Kulikuwa na picha ya madam akiwa mbele ya rafu ya vitabu. Alikuwa amesema kwamba kitabu kimetokana na mwanamke wa kweli, mwenye imani kubwa na roho safi, aliyemlea binti yake Saudia. Gazeti likaongeza kwamba mwanamke huyo hakupatikana kutoa maoni.

Hakupatikana. Simu aliyonipigia ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu.

Niliongea peke yangu kwa hasira mpaka binti akashtuka. Nikamweleza mkasa wote, toka Riyadh. Alisikiliza vizuri, akasema ni aibu kubwa, akasema Wazungu wana mambo. Kisha akakunja taulo ya mtoto, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kwa hiyo hukumwagia yule mtoto maji?"

"Sikumwagia."

"Najua. Nauliza tu."

Hakuwa na nia mbaya. Nadhani alimsimulia mama yake wakati wa chakula, kama mtu anavyosimulia habari ya kushangaza. Kesho yake asubuhi nikiwa nimeshapasha maji na kutandika taulo, madam mpya akaja akasimama mlangoni. Akasema kuanzia leo mtoto ataogeshwa na mfanyakazi mwenzangu, Mfilipino, mimi nishike pasi. Hakunipandishia sauti. Niliuliza kama nimekosea, akajibu, "Mafi. Hakuna kosa," akaangalia pembeni.

Nilipiga pasi shuka za nyumba ile mpaka mkataba wangu ukaisha. Mtoto alikuwa akiniona na shuka mikononi ananyoosha mikono, anataka nimchukue, na mimi nampita. Kule Ulaya, nasikia, bado wanabishana kama kitabu kile kinaitukana dini au kinaitetea. Hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza nilikosa nini.