Mama Koki na Madiwani Wawili

Kazi ya Mama Koki ilikuwa kuufungulia mtaa maji kila asubuhi, na nusu ya kazi hiyo ilikuwa kukaa. Aliuzungusha usukani wa koki kuu kidogo, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasubiri bomba kuukuu lijae, kisha akainuka tena. Ukilifungulia kwa pupa, linapasuka.

Ndipo madiwani wakaanza kuvutana. Diwani Mwembamba alisema maji ni ghali kwa sababu wafanyakazi wamejazana. Diwani Mnene alisema wafanyakazi hawatoshi, basi bei ipande. Kila mmoja alisema kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kukanyaga chumba cha koki.

Mume wa Mama Koki alikuwa ameshapunguzwa kiwandani. Nyumba nzima sasa ilimtegemea mkewe.

"Shemeji," alisema mdogo wa mumewe, fundi cherehani, pini zikiwa mdomoni, "kesho madiwani wanakuja kuwakagua. Wakikukuta juu ya ndoo, umekwisha."

"Nakaa kikazi."

"Waambie hivyo hivyo. Watacheka kwanza, ndipo wakufukuze."

"Mbona wewe unashona umekaa?"

"Mimi silipwi na serikali, shemeji. Kwa wateja nilio nao, silipwi na mtu yeyote."

Usiku ule usingizi ulimpita mbali. Asubuhi, alipoona viatu vinavyong'aa vikikaribia mlango, aliinuka haraka. Akaisukuma ndoo pembeni kwa mguu, akaushika usukani kwa mikono miwili, akauzungusha mfululizo bila hata kumeza mate.

"Huyu anajituma," alisema Diwani Mwembamba, kwa masikitiko kidogo.

Nje kukasikika mshindo, halafu kelele za watu. Barabara ilikuwa imegeuka mto.

Hata koki ilipofungwa, kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Mama Koki alishuka shimoni na wenzake, matope magotini. Juu yao madiwani walinyoosheana vidole.

"Mnaona? Watu hawatoshi, mabomba hayatunzwi!"

"Wamejaa tele, na bomba limepasuka mbele yao!"

Hakuna aliyeuliza koki ilifunguliwaje. Msimamizi wao, aliyejua, alimtupia Mama Koki jicho moja, akainamia matope.

Mwishowe wakubwa wakaafikiana jambo moja: hapunguzwi mtu mpaka bomba litengemae.

"Basi mtamaliza lini?" akauliza Diwani Mwembamba, akichungulia shimoni.

Mama Koki, aliyekuwa karibu naye kuliko wote, aliinua uso wenye matope.

"Bado, mheshimiwa," akasema. "Bado sana."