Nilivunja mafiga ya mama kwa ajili ya jiko banifu, mikate ikarudi

Wakuu, amani kwenu.

Ninayoandika yametokea uani kwetu Ngamiani, Tanga. Jiko lipo, mama yupo, mwenye kubisha aje akague. Hasira bado ninayo, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi nauza spea za baiskeli. Kazi hii inakufundisha kuhesabu kila kitu mara mbili, maana gololi zikishamwagika hazirudi zote.

Mama yangu anaoka mikate ya kumimina ya kuuza. Kwa msioijua: ni mchele uliorowekwa, ukasagwa na tui la nazi na iliki, ukaachwa uumuke, kisha ukamiminwa kwenye sufuria ya moto. Chini kuna kuni. Juu unafunika, halafu unapalia makaa juu ya mfuniko. Usipopalia, mkate hauivi juu. Amefanya hivyo tangu sijazaliwa, kwenye mafiga ya udongo aliyoyafinyanga mwenyewe.

Shida ni moshi. Jiko letu la uani lina kidirisha kimoja, kuta nyeusi kama lami.

Mwaka jana mama akaanza kukohoa. Chumba chake kimepakana na changu, na Ijumaa huwa sifungui duka mchana, basi nikawa namsikia akisali Alasiri. Rakaa nne, vikohozi kumi na moja. Ijumaa ya pili nikahesabu tena: kumi na tatu.

Nikampeleka hospitali. Daktari akaandika dawa, halafu akasema dawa ya kwanza ni kutoka kwenye moshi.

Nikasema basi, tuna-upgrade.

Kulikuwa na jamaa anazunguka masokoni na kigari cha kirikuu kilichojaa majiko banifu ya kuni. Nje bati, ndani udongo, mdomo mdogo wa kutia kuni. Akapiga demo palepale. Vipande viwili vya kuni, maji ya chai yakachemka kabla hajamaliza kusifia. Nikachungulia mara mbili nitafute moshi. Kweli hakuna.

Tukaingia kwenye bei. Sitawachosha, ila nilimshusha mpaka akavua kofia akajipepea. Nikaomba na koleo la makaa liwe nyongeza, akanipa bila kununa.

Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Muuzaji akikuongezea kitu huku anatabasamu, ujue kuna swali hujamuuliza.

Nimefika nyumbani, mama akalizunguka lile jiko, akainama, akachungulia mdomoni. Akauliza swali moja tu.

"Baba, makaa yake yanakaa wapi?"

Nikajibu kwa madaha, "Hili halina makaa, mama. Kuni zinaungua zote, linabaki jivu la kiganja kimoja. Ndiyo mambo ya kisasa hayo."

"Hewala," akasema.

Wakuu, mama wa Tanga akikujibu hewala halafu akanyamaza, acha unachofanya. Mimi sikuacha. Nilichukua sururu nikayavunja mafiga yake, ili asije akayarudia. Jirani yetu Hemedi akasimama mlangoni ananisifu, "Umefanya la maana, wazee hawa usipowavunjia hawahami."

Wiki ya kwanza raha tupu. Wali unaiva, maharage yanaiva. Mzigo wa kuni uliokuwa unaisha siku tatu ulifika siku ya saba. Mikate mama alikuwa ameipumzisha kwa ajili ya kifua, kwa hiyo sikugundua kitu.

Ikaja oda. Kuna familia ya Kiarabu kule Raskazone, kila mwaka wakiwa na khitma mikate wanachukua kwa mama. Ishirini.

Mama akamimina wa kwanza. Chini ukaiva. Akachungulia mdomo wa jiko atafute makaa ya kupalia, akakuta jivu. Akaacha mkate ukae zaidi motoni, chini ukaanza kuungua, juu umeganda tu, mweupe kama umepakwa chokaa. Akajaribu kuugeuza, ukakatika.

Akaendelea hivyohivyo mpaka ikatimia ishirini mizima. Kisha akasema, "Hii haitoki nyumbani kwangu."

Nani alisema itoke? Mimi. "Mama, ladha ni ileile, nani anaangalia rangi?" Nikaipanga kwenye sinia, nikaipakia kwenye bajaji, nikaipeleka mwenyewe.

Saa mbili baadaye bajaji nyingine imesimama mlangoni. Dereva kabeba sinia letu.

"Bi mkubwa wa Raskazone anawasalimu," akasema. "Anauliza, mama mzima kweli? Au mwaka huu mikate kaachiwa mgeni?"

Mama akapokea sinia. Akahesabu. Akanisogezea mimi nami nihesabu. Kumi na tisa mizima, mmoja umekatwa kipande ukaachwa.

 Miaka yote ile hakuna mkate uliowahi kurudi kwetu, na wa kwanza kurudi nimeupeleka mimi. Khitma ni kesho yake.

Nikampigia muuzaji.

"Mkuu, jiko letu linapika kila kitu," akaniambia.

"Mkate wa kumimina je?"

"Huo ndo upi?"

Nikamweleza, makaa juu, moto chini. Akacheka.

"Ah, hizo ni mambo za zamani. Wazee hawapendi mabadiliko, kaka. Inabidi uwaelimishe."

Wakuu, nilikata simu nikaiweka mbali nisiivunje.

Nimwelimishe nani? Mama aliinama mara moja, akauliza swali moja, akaona kasoro ambayo mtu anayeuza majiko kutwa hajaiona. Wanaume watatu tulikaa tukaamua jiko la mama yangu: muuzaji, Hemedi, na mimi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumimina mkate. Na mwenye kupika tukamwita mgumu kuelewa.

Na kabla hujaniandikia "nunua oveni", mkate wa oveni tunaujua. Raskazone oveni wanazo, na bado wanaagiza kwa mama.

Nikamfuata uani. "Mama, naomba unisamehe. Tufanyeje?"

"Leo ndiyo unaniuliza?"

 Akaniambia niombe vifuu kwa muuza nazi wa mtaani, na nilete lile karai bovu.

Akawasha vifuu kwenye karai, nje kabisa, upepo unapeleka moshi kwingine, naye amekaa mbali. Moshi ulipoisha yakabaki makaa mekundu. Jiko jipya likakaa chini ya sufuria, makaa ya vifuu akayapanga juu ya mfuniko kwa lile koleo la nyongeza. Kumbe katika biashara ile yote, koleo ndilo nililonunua kwa akili.

Mkate ukatoka mwekundu juu na chini.

Akaukata, akanipa kipande, akasema, "Mafiga uliyavunjia nini? Nisingeyarudia. Kifua ni changu, mimi ndiye ninayekohoa."



Mikate mipya ishirini ilifika Raskazone kabla ya khitma. Sinia likarudi na halua ndani, maana kwetu chombo hakirudi kitupu. Ijumaa iliyopita nimemsikia akisali Alasiri: rakaa nne, vikohozi viwili. Nimerudia kuhesabu Ijumaa hii. Viwili.

Kwa hiyo sisemi mbaki na moshi. Moshi unaua, hamieni majiko banifu. Ila usimnunulie mtu jiko kabla hujamuuliza anapika nini. Mimi nilijua kupunguza bei, sikujua kuuliza.

Waliowahi kuletewa jiko bila kuulizwa, wekeni yenu hapa. Wauzaji nao wanakaribishwa, ila waanze na swali la mama: makaa yake yanakaa wapi?