Karani Aliyejitosa Kwenye Miwa

Karani wa shule yetu hukimbia kila asubuhi akiwa amefunga vifungo vyote vya shati, na akikutana na mtu husimama, humpa mkono, humuuliza hali ya nyumbani. Anataka kukimbia kilomita tisini kule Afrika Kusini, lakini sharti kwanza amalize mbio za Kakamega kwa muda usiozidi saa tano. Jumamosi alikuwa amebakiza kilomita moja na dakika kumi alipomwona mama mkwe wake kando ya barabara pale Lubao, ameshika chupa ya maji. Naye karani yumo ndani ya kaptura, mapaja nje! Akajitosa kwenye miwa.

"Mwalimu, mwambie nimeshapita!" akaninong'oneza, nami nimesimama ukingoni mwa shamba nikimshangilia.

Mimi sisemi uongo, lakini siku hiyo niliusema.

"Haya, nitamngoja arudi," mama akajibu, akatandika leso, akaketi.