Anayewasalimu Watoto wa Mbuzi

Bwana mifugo wa kata ya jirani hamgusi mtoto wa mbuzi kabla ya kupasha viganja vyake joto kwapani. Kisha humwinamia na kumwambia kwa Kibena, kwa sauti nzito, "Kamwene," kama anavyosalimiwa mtu mzima, na watu wa huku Kichiwa hucheka kila mara. Mimi na yeye tulisoma chuo kimoja cha mifugo. Sote tunajua kunyoa manyoya juu ya kichipukizi cha pembe, kuchoma sindano ya ganzi, kukichoma kwa chuma cha moto ili pembe isiote, na kukiondoa chuma haraka, kwa kuwa fuvu la mbuzi mchanga ni jembamba.

Leo nimetangulia mimi, na chuma changu kimeshaiva. "Subiri kidogo, mwanangu," anasema Mama Germana, akiwa amemkumbatia mbuzi wake mchanga. "Mwenzako yuko njiani."

"Lakini mama, kata hii ni yangu."

"Kata ni yako, mbuzi ni wangu. Wewe utashika miguu."

Amefika, amepasha viganja, amesalimu, amechoma ganzi na kungoja. Nimeshika miguu, nikiomba kimoyomoyo mbuzi apige kelele, hata mara moja tu. Chuma kinagusa, moshi unapanda, na mbuzi anaendelea kunyonya kidole gumba cha yule bwana.